Sura ya Nne: Aliyekaa Nyuma ya Darasa

Mwenye shahada hufika mbele ya darasa la sekondari kwa njia mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mzazi: kijana anamaliza kidato cha sita, anaomba chuo kikuu, anasoma ualimu pamoja na masomo yake mawili ya kufundishia, na baada ya miaka mitatu anatoka akiwa mwalimu. Ya pili ni ya waliochelewa kuamua. Huyu alisoma kemia, yule uhasibu, mwingine uhandisi wa maji. Kazi aliyoisomea hakuipata, au aliipata ikamchosha, au alijitolea miezi michache kwenye shule ya jirani akajikuta anaingoja Jumatatu kwa hamu. Akirudi chuo hasomi tena miaka mitatu. Anasoma Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ambayo wenyewe wanaiita PGDE, na kwa muda wa kama mwaka mmoja tu anatakiwa ageuke, kutoka mtu anayelijua somo awe mtu anayeweza kulifundisha.

Sura hii ni ya hao wa njia ya pili. Nimewachagua kwa sababu kwao mafunzo ya ualimu yanaonekana yakiwa peke yake, bila kuchanganyika na kitu kingine. Mhandisi hesabu anazo tayari. Chuo hakimwongezei hesabu hata chembe. Basi kinamwongezea nini?

Jibu la mtaani ni cheti, na jibu hilo lina mashiko. Nchini Kenya, Tume ya Utumishi wa Walimu haimsajili mwenye shahada isiyo ya ualimu mpaka aongeze diploma hiyo, tena inaangalia hata alama zake za kidato cha nne katika masomo mawili anayotaka kufundisha. Nchini Tanzania, tangazo la ajira la Mwalimu Daraja la III C linawataja kwa mstari wao wenyewe: wenye shahada ya fani nyingine waliosoma stashahada ya uzamili ya elimu. Kwa hiyo wengi wanaiendea PGDE kama hatua ya kisheria. Wapo waliokwisha kufundisha miaka sita katika shule binafsi na sasa wanajisajili Chuo Kikuu Huria, wanasoma usiku baada ya kusahihisha madaftari, kwa sababu mwenye shule ameambiwa na mkaguzi kwamba karatasi zao hazijakamilika. Ukiwauliza watu wa namna hii wanajifunza nini, watakutajia majina ya kozi: saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, mitaala, upimaji na tathmini, mbinu za kufundishia. Ukiwauliza kipi kimewabadilisha, watanyamaza kidogo. Ukimya huo ndio tutakaouchimba hapa.

Mwaka huo mmoja una historia ndefu katika eneo letu. Mwaka 1961, uhuru ukiwa mlangoni na sekondari zikiwa hazina walimu, Marekani na Uingereza zilianza kuleta vijana wenye shahada kufundisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Upande wa Marekani mpango ulisimamiwa na chuo cha ualimu cha Columbia University, New York. Waliokuwa na uzoefu wa kufundisha walipelekwa shuleni mapema. Waliokuwa na shahada tupu, ya historia au ya fizikia, walipitishwa kwanza Makerere, wakakaa takriban mwaka wa masomo wakisoma stashahada ya elimu, ndipo wakagawanywa mashuleni. Wazee waliosoma sekondari miaka hiyo bado wanawakumbuka kwa majina na kwa lafudhi zao.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Mwalimu Nyerere aliianza safari hii kwa kinyume. Alichukua stashahada yake ya ualimu Makerere mwaka 1945, akafundisha St. Mary's Tabora, na shahada akaifuata Edinburgh baadaye. Alipokwenda kufundisha Pugu alikuwa ameshakaa na chaki mkononi kabla ya kuwa na joho.

Wamarekani wenyewe walikuwa wamelipigania kwao jambo hili la kumgeuza mwenye shahada kuwa mwalimu. Harvard ilianzisha shahada ya uzamili ya ufundishaji mwaka 1936, wakati wa rais wake James Conant. Wanasayansi wa chuo waliwadharau watu wa elimu kwamba hawajui somo lolote, na watu wa elimu waliwalaumu wanasayansi kwamba hawajui mtoto ni nini. Conant alitaka pande zote mbili zimlee mwalimu mmoja. Ugomvi huo haujaisha popote, na kwetu unasikika kila kikao cha bodi ya mtaala kinapoketi.

Ulitulia kidogo mwaka 1986, Lee Shulman wa Stanford alipoonyesha kwamba kati ya kujua somo na kujua mbinu kuna ujuzi wa tatu ambao hakuna upande uliokuwa ukiuhesabu. Maelezo ya nadharia hiyo yako katika kila kitini cha PGDE, na mara nyingi yanakaririwa bila mfano. Mfano mzuri uko kidato cha kwanza, kwenye sehemu.

Mwanafunzi ameambiwa ajumlishe nusu na theluthi. Anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mhandisi wetu analiona kosa mara moja. Anafuta, anaandika 3/6 + 2/6 = 5/6, anamkumbusha mtoto atafute KDS (kigawe kidogo cha shirika) ili asili zifanane, anaendelea na swali la pili. Kwa upande wa hesabu hakukosea hata nukta. Wiki ijayo mtoto yuleyule ataandika 2/5 tena.

Swali ambalo mhandisi hakujiuliza ni hili: hiyo 2/5 mtoto ameitoa wapi? Fungua karatasi yake ya jaribio la wiki iliyopita. Swali la kwanza lilikuwa na alama 2, akapata 1. Swali la pili lilikuwa na alama 3, akapata 1. Mwalimu akajumlisha kwa kalamu nyekundu na kuandika juu ya karatasi, kwa maandishi makubwa: 2/5. Tangu shule ya msingi mtoto huyu ameona walimu wakijumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, kwenye kitu anachokijali kuliko vyote, yaani alama zake. Hajakosa akili. Ameiga utaratibu halali na kuupeleka mahali pasipo pake, kwa sababu alama hiyo ya mkwaju inatumika kwa mambo mawili na hakuna aliyewahi kumwambia.

Anayejua hivyo hakimbilii kufuta. Anauliza: "Ukiwa na nusu ya chungwa, nikakuongezea theluthi ya chungwa, utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu?" Darasa zima litasema zaidi. "Haya, mbili ya tano ni zaidi ya nusu au pungufu?" Hapo vichwa vinaanza kugeukiana. Mtoto ameongezewa na amebaki na kidogo kuliko alichoanza nacho. Sasa KDS ina kazi ya kufanya, na mwalimu anaweza kuieleza kwa dakika tano ikaeleweka.

Ujuzi wa namna hii haumo katika shahada ya uhandisi, na haumo katika falsafa ya elimu. Uko katika kulijua somo kama linavyoonekana kutoka kwenye dawati la tatu. Kila mada inao wa kwake. Fizikia ina mtoto anayeamini kwamba jiwe zito huanguka upesi kuliko jepesi, na historia ina anayedhani ukoloni ulianza siku moja asubuhi. Kama mwaka wa PGDE una sababu ya kuwapo, ni kukusanya mambo haya, mada kwa mada, mpaka mwalimu mpya awe na akiba ya kuanzia. Kozi inayoitwa mbinu za kufundishia ndiyo iliyotakiwa kuibeba kazi hiyo. Katika vyuo vingi inafundishwa kwa mhadhara, ukumbi ukiwa na mamia ya watu, na mhadhiri anaorodhesha faida na hasara za mbinu ya mhadhara.

Shida ya pili ya mwanafunzi wa PGDE ni kwamba anakuja akiwa amekwisha kufundishwa ualimu na watu wasiojua kwamba wanamfundisha. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alikadiria kwamba mtu anapomaliza shule amekaa mbele ya walimu kiasi cha saa 13,000. Hakuna fani nyingine yenye jambo hili. Mwanafunzi wa udaktari hakukua akimtazama daktari saa sita kila siku. Mwalimu mtarajiwa amemtazama mwalimu tangu utotoni, akiwa upande wa mtazamaji. Ameona anavyoandika ubaoni, anavyokaripia, anavyosoma nukuu kwa imla. Asichoona ni alichokuwa akikifikiri. Basi siku akishika chaki, saa hizo 13,000 ndizo zinazosema kwa kinywa chake, na saikolojia ya elimu inabaki kwenye daftari.

Utazisikia kwenye maneno mawili. "Tumeelewana?" Na darasa, kwa sauti moja inayopanda mwishoni: "Ndiyooo!" Mwalimu wa mazoezi hakufundishwa hivyo na yeyote chuoni. Amerithi.

Utazisikia pia kwenye maswali. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alipima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali kabla hajalirudia, hajalijibu mwenyewe au hajamtaja mwingine. Ulikuwa kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya walianza kusema. Utafiti ulifanyika Marekani, kwa watoto wengi wanaoulizwa kwa lugha ya nyumbani kwao. Sasa fikiria kidato cha kwanza kwenye shule ya kata Tanzania. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na Januari hii kila kitu kimegeuka Kiingereza. Swali linamfikia kwa Kiingereza, analigeuza, analifikiria kwa Kiswahili, kisha anatafuta maneno ya kujibia kwa Kiingereza huku akiogopa kuchekwa. Sekunde moja haimtoshi hata kufika mwisho wa swali. Mwalimu anasema darasa lake halijibu. Halijapewa nafasi ya kujibu.

Sekunde tatu, ukiwa mbele ya watoto sabini, ni ndefu mno. Mmoja anakohoa, wawili wanaangaliana, nawe unahisi jasho mgongoni na unataka kusema chochote. Ukisoma kuhusu jambo hili kwenye kitini utakubaliana nalo kwa moyo wote na kesho utasubiri sekunde moja. Hujui kwamba umesubiri sekunde moja. Mtu pekee anayejua ni aliyekaa nyuma ya darasa akiwa na saa.

Huyo wa nyuma ndiye ninayemtafuta katika sura hii nzima.

Mazoezi ya kufundisha, ambayo wengine wanaita BTP na wengine fildi tu, huchukua wiki chache. Mwalimu wa mazoezi anaripoti na barua yake, shati limepigwa pasi. Mkuu wa shule anamwuliza masomo yake. Akisema fizikia na hisabati, mkuu anatabasamu kwa namna ambayo mgeni anaitafsiri kama ukarimu. Shule ina mwalimu mmoja wa fizikia, amechoka, na hapohapo anakabidhi vipindi vya vidato vitatu. Wiki ya pili mgeni amepangiwa zamu, anasimamia mstari wa asubuhi, anahesabu wachelewaji getini, na jioni anaandika azimio la kazi na maandalio ya somo ya kesho. Anajifunza mengi, sikatai. Anajifunza kupaza sauti bila kukauka koo, kujua nani anasababisha vicheko, kufundisha bila kitabu. Ila hakuna anayemtazama akifundisha. Yule ambaye angemtazama ndiye aliyepumzishwa kwa ujio wake.

Kisha msimamizi kutoka chuoni anakuja. Habari zinamtangulia kwenye kundi la WhatsApp: ameonekana shule ya jirani, amevaa miwani, anapenda zana. Usiku huo manila na kalamu za rangi zinatoka. Asubuhi wanafunzi wanaombwa, kwa upole na kwa vitisho, wanyooshe mikono. Wapo wanaorudia somo la juzi ili majibu yawe tayari vinywani. Msimamizi anakaa nyuma na fomu yake, anaweka alama: utangulizi, matumizi ya ubao, zana, ushirikishwaji, hitimisho. Kipindi kikiisha wanasimama barazani dakika tano. "Umejitahidi. Andalio lako liko vizuri. Ubao ugawe. Sauti ongeza." Anatia saini, anaingia kwenye gari, kwa kuwa shule nyingine tatu zinamngoja na posho imehesabiwa kwa siku.

Mimi naamini kwamba mwaka mzima wa mafunzo ulikuwa ukielekea kwenye dakika tano zile, na zimepotea. Msimamizi mwenye nafasi angekaa naye kwenye benchi nusu saa, daftari likiwa wazi. Angemwambia: umeuliza maswali kumi na tisa, kumi na sita umeyajibu mwenyewe. Waliojibu ni watatu, wote wa safu ya dirishani. Binti wa nyuma yangu hakuandika kitu tangu ulipofuta mchoro. Kijana aliyesema 2/5 ulimwambia "hapana" ukapita. Ulidhani aliwaza nini? Maneno haya hayahitaji teknolojia wala mtaala mpya. Yanahitaji mtu aliyetumwa kuangalia, mwenye muda wa kusema alichokiona, na atakayerudi wiki ijayo kuona kama kimebadilika.

Nchi zinazosifiwa kwa walimu wake zimemwekea mtu huyo mahali pa kukaa. Finland imedai shahada ya uzamili kwa walimu tangu 1979, na wengi wanaishia kuisifu hiyo shahada. Mimi ninachokitazama ni shule zao za mazoezi, ambazo ni mali ya vyuo vikuu. Mwalimu wa shule hizo anafundisha watoto na pia anawatazama walimu wanafunzi, na mambo yote mawili yamo katika mkataba wake. Uingereza haina utaratibu huo, lakini mwanafunzi wa mwaka mmoja wa ualimu wa sekondari hutakiwa kukaa angalau wiki 28 ndani ya shule, zisizopungua mbili, na kila shule inampa mwalimu mlezi. Zaidi ya nusu ya mwaka wake anaumaliza akitazamwa. Vyuo vyetu vya ualimu vya zamani vilikuwa na shule za mazoezi karibu na geti. Idadi ya wanachuo ilipopanda, wakasambazwa mikoani, na msimamizi akawa msafiri.

Kupanda huko kwa idadi kulikuwa na sababu. Baada ya 2004 sekondari zilijengwa kata kwa kata kwa kasi isiyowahi kuonekana, na walimu hawakuwapo. Tanzania ikawachukua hata waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni. Wananchi, ambao hawakosi jina, wakawaita vodafasta. Walichekwa sana, na wengi wao walizibeba shule zisizokuwa na mwingine. Kenya ilipoanzisha sekondari ya chini Januari 2023 ilijikuta mahali hapohapo: waliosomea masomo mawili ya sekondari wakapewa mkataba wa mafunzo kazini na kutakiwa kufundisha masomo manne au matano, mengine hawakuyagusa tangu walipokuwa watoto.

Leo, kwa upande wa Tanzania, hali imegeuka. Hadi 2015 mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo karibu moja kwa moja. Mwanzoni mwa 2025 walimu waliitwa kwenye usaili, na waombaji walizidi 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Upungufu wa walimu, uliotumika kueleza kwa nini hatuna muda wa kumtazama mwalimu mpya, hauna nguvu tena kama zamani. Walimu waliosoma wapo, wamejaa mtaani. Kwa hiyo mwaka wa mafunzo unaweza kurefushwa upande wa shuleni bila darasa lolote kukosa mtu.

Hata anayeajiriwa hajamaliza kujifunza. Uingereza, tangu 2021, mwalimu mpya analelewa miaka miwili: mwaka wa kwanza anapunguziwa asilimia 10 ya vipindi, wa pili asilimia 5, ili apate muda wa kutazama na kutazamwa. Tanzania nayo ina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanayowakutanisha walimu katika jumuiya za ujifunzaji shuleni kwao. Wazo ni zuri kwa sababu linamtoa mwalimu kwenye semina ya hotelini na kumrudisha kwenye shule yake. Ila wakikutana hukutana ofisini, na mada huwa kwenye moduli. Darasa liko hatua ishirini kutoka hapo na hakuna anayeingia.

Ukilipeleka wazo la kuingia darasani kwa mwalimu wa taaluma, atakuuliza mambo mawili, na yote ni ya haki. La kwanza: nani atafundisha vipindi vya huyo anayekwenda kukaa nyuma? Mwalimu mwenye vipindi ishirini na sita kwa wiki anahitaji kupunguziwa kimoja tu ili aone kipindi kimoja cha mwenzake, na mwenzake naye vivyo hivyo. Kipindi kimoja kinapatikana kwenye ratiba yoyote ikipangwa hivyo Januari, kabla haijabandikwa ukutani. La pili ni gumu zaidi: shule ina mwalimu mmoja wa fizikia, atatazamwa na nani?

Na mwalimu wa Kiswahili. Anaweza kuhesabu maswali na sekunde. Anaweza kuona ni nani hajaulizwa tangu Jumatatu, na Kiingereza cha swali kilimwacha nani njiani, jambo ambalo pengine ataliona vizuri kuliko mwalimu wa fizikia mwenyewe. Asichoweza kuona ni jiwe zito na jepesi, kwa sababu hata yeye huenda anaamini hivyohivyo. Kwa hilo, mwalimu wa fizikia atawahitaji wenzake wa somo, walioko shule nyingine, wilaya nyingine. Hao anao tayari kwenye simu. Makundi ya WhatsApp ya walimu wa somo yapo karibu kila wilaya, yana mamia ya watu, na kila jioni yanapokea mitihani ya majaribio, majibu ya mitihani ya majaribio, na matangazo ya misiba. Yeyote kati yao anaweza kupiga picha ya ukurasa mmoja wa daftari la mwanafunzi, jina likiwa limefichwa, na kuandika chini yake: huyu ameandika 2/5, mnadhani ameitoa wapi?